Chipu ya paka Mtwara, mashine ya kuisoma iko wapi?

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi, na kama mimi ndo mkubwa basi ya kwako naipokea. Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nimjibu yule msomaji aliyeandika kwamba na sisi Tanzania tutunge sheria kila anayefuga paka amwekee chipu, yaani kale kadude ka namba kanakodungwa chini ya ngozi ya mnyama, kama Uingereza, na asiyeweka apigwe faini. Mimi nina duka la pembejeo na dawa za mifugo hapa Mtwara mjini, Chikongola, nauza kuanzia dawa ya kuogeshea mbuzi mpaka chanjo ya kideri ya kuku, na toka hiyo habari ianze kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp watu wanakuja kuniuliza chipu ya paka bei gani, wengine wameshasikia eti sheria imepita na mgambo wanaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Haijapita jamani. Tulieni.

Kwanza tuweke sawa habari ya huko ilikotoka maana inasimuliwa nusunusu. Sheria ile ni ya England tu, Scotland na Wales hawamo, na ilianza tarehe 10 Juni 2024. Inasema paka wa kufugwa awe ameshawekwa chipu kabla hajafikisha wiki 20, na jina na simu ya mwenye paka viandikishwe kwenye kanzidata, yaani daftari la kwenye kompyuta, inayotambulika, na viwe vya sasa, sio vya nyumba uliyohama mwaka juzi. Ukikutwa paka wako hana unapewa siku 21 umshughulikie, ukikaidi faini inaweza kufika pauni 500, ambayo kwa hela yetu ni zaidi ya milioni moja na nusu, piga mwenyewe hesabu ni kilo ngapi za korosho hizo. Mbwa wao walishaanza nao 2016.

Sasa angalia jambo moja. Serikali yao yenyewe ilisema England ina paka wa kufugwa zaidi ya milioni 9, na ambao walikuwa hawana chipu ni kama milioni 2.3. Maana yake wengi walishaweka kwa hiari yao kabla sheria haijaja, kwa sababu huko ukiokota paka kagongwa na gari ukampeleka kwa daktari wa wanyama, daktari anapitisha mashine, namba inatokea, mwenye paka anapigiwa simu. Huduma ilianza, watu wakaona faida, sheria ikaja mwishoni kuwasukuma wale wachache waliobaki nyuma. Sisi tunataka kuanza na faini.

Na kuna kipengele msomaji wako hakukitaja, sijui hakukiona au kakiruka makusudi. Sheria hiyohiyo ya England haiwahusu paka wanaoishi kivyaovyao, paka wa mashambani, paka wa mtaani, wale ambao hawamtegemei sana mtu. Haya, Mhariri, ukiwatoa hao hapa kwetu unabaki na paka wangapi? Nenda feri asubuhi mitumbwi inaposhusha samaki, hesabu paka waliokaa wanasubiri utumbo, halafu uliza wa nani. Nenda Mikindani kwenye yale magofu ya mawe, paka kila ukuta. Nenda kwenye ghala la korosho lolote Tandahimba au Newala, mtunza ghala atakwambia paka alimkuta hapo na atamwacha hapo, hana karatasi yake wala hajawahi kumnunua, ila bila yeye panya wangeshamaliza magunia kwa kuyatoboa.

Hapa kwangu kuna dume moja la rangi ya chungwa, sikio limechanika kwa ugomvi. Asubuhi analala juu ya magunia ya pumba dukani kwangu, mchana yuko kwa mama ntilie wa upande wa pili anakula vichwa vya vibua, usiku analala kwa bibi mmoja nyuma ya msikiti ambaye anampa maziwa kabisa. Mimi namwita Bosi, mama ntilie anamwita Pusi, bibi anamwita Sultani, na yeye anaitikia yote akisikia harufu ya samaki. Sasa hiyo faini anapigwa nani? Bibi anayemlaza? Mimi ninayemkalisha kwenye pumba? Huku paka akikamata panya ni wetu sote, akiiba samaki ni wa jirani, na siku mgambo akiulizia mwenye paka mwenye chipu nakuhakikishia mtaa mzima hakuna atakayemjua. Na kibaya zaidi, mtu akijua kulisha paka ndo kunamfanya awe mmiliki wa kudaiwa, ataacha kulisha. Pwani huku tumelelewa tangu madrasa kwamba paka hafukuzwi wala hafungiwi njaa, tusije tukatunga sheria inayomfanya mtu amwogope paka mlangoni kwake.

Nirudi kwenye chipu yenyewe, maana wateja wangu wengi wanadhani ni kitu kingine kabisa. Kijana mmoja aliniuliza akishamwekea paka wake atakuwa anamwona kwenye simu yuko wapi, kama bodaboda iliyofungwa GPS. Hapana. Mzee mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama hizi ndo zile za 666. Nazo hapana. Chipu ya paka ni kidude cha kioo ukubwa wa punje ya mchele, ndani hamna betri, hakitoi mawasiliano yoyote, kimelala tu chini ya ngozi. Mpaka mtu alete mashine ya kusomea aisogeze karibu kabisa na mwili, sentimeta chache, ndo mashine inakiamsha kwa mawimbi yake na kinajibu namba moja yenye tarakimu 15. Basi. Jina lako halimo, simu yako haimo, chanjo haimo, ni namba tupu. Hizo nyingine zote ziko kwenye kanzidata mahali fulani, na kama hazijaandikishwa huko, au ziliandikishwa zikapitwa na wakati, umemdunga mnyama bure.

Nimeshawahi kuishuhudia kazi yenyewe kwa macho. Kuna mteja wangu mmoja, walikuja kikazi huku kwenye mambo ya gesi, mkataba ukaisha wakawa wanarudi kwao Ulaya na mke wake hataki kumwacha paka waliyemwokota hapahapa Shangani akiwa mdogo. Daktari wa mifugo akaja, na kwa vile chanjo ilikuwa kwenye friji yangu kazi ikafanyikia dukani. Kwanza alimpitisha paka mashine mwili mzima kuhakikisha hana chipu nyingine. Halafu akafungua pakiti, ile sindano Mhariri ni nene, tundu lake unaliona bila miwani. Mama mwenye paka kamshikia sahani ya samaki wa kopo puani, daktari kaivuta ngozi juu katikati ya mabega, kachoma, katoa. Paka alikunja masikio tu akaendelea kula. Mashine ikapitishwa tena, ikalia, namba ikatokea kwenye kioo, daktari akamsomea mwenzake tarakimu mojamoja huku anaandika kwenye kadi, na zile za mwanzo zilianza na tisa, akatueleza kwamba tarakimu tatu za kwanza zinakuwa ama namba ya nchi ama namba ya kiwanda, hiyo ilikuwa ya kiwanda. Baada ya hapo ndo akachomwa chanjo ya kichaa cha mbwa, maana masharti ya Ulaya ni chipu itangulie au ziende siku moja, chanjo iliyotangulia kabla ya chipu hawaihesabu. Kisha ukiwa unatoka nchi kama yetu unasubiri angalau siku 30, anatolewa damu inaenda kupimwa maabara wanayoitambua wao, na toka siku damu ilipotolewa inapita miezi mitatu ndo paka aruhusiwe kuingia. Walifunga mizigo, wakauza fanicha, wakabaki wanakaa kwenye nyumba tupu wanamsubiri paka.

Nimeeleza hiyo yote ili msomaji asije akasema mimi napinga chipu kwa kutoijua. Kwa mtu anayesafiri na mnyama chipu ni lazima na ni kitu kizuri, inakaa mwilini maisha yote, haipotei kama kadi. Lakini ile mashine aliyokuja nayo daktari aliondoka nayo. Kesho yake paka mwingine mwenye chipu angeokotwa pale feri, nani angejua ana chipu? Kwa nje haionekani. Utamkuta tu paka kama paka.

Na tuseme mashine zimeletwa, halmashauri zote za Mtwara na Lindi zimepewa, Masasi wanayo, Nachingwea wanayo, Liwale wanayo na chaji ipo. Kanzidata anaitunza nani, na simu itakayopigwa ni ipi? Sisi watu wa huku laini tunabadilisha sijui mara ngapi, msimu wa korosho mtu ana laini mbili, hela ikiisha moja inafungiwa, mwaka unaofuata ana nyingine. Hata wenzetu wenye posta inayofika mlangoni wanahangaika na hili, chipu ipo lakini simu iliyoandikwa ni ya mtu aliyehama, na huko kwao kanzidata hazipo moja, ziko nyingi za makampuni tofautitofauti, mwenye kuokota paka anaanza kutafuta namba iko kwa nani.

Kuna watu wataniambia mbona ng'ombe wanavishwa hereni za kielektroniki, na 2025 kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo ilizinduliwa kule Simiyu, mbona huko inawezekana. Inawezekana kwa sababu ng'ombe ana mnada, ana kibali cha kusafirishwa, ana machinjio, ana mwizi anayemtaka, kila hatua kuna mtu ana sababu ya kusoma ile namba. Na hereni inaning'inia sikioni unaiona toka mbali. Paka hana mnada. Nani ameshawahi kusimamishwa kizuizini Mikindani akaambiwa toa kibali cha paka?

Sasa kinachoniuma mimi ni kwamba wakati tunabishana chipu, kuna jambo la paka ambalo lina roho za watu ndani yake na halizungumzwi, nalo ni kichaa cha mbwa. Watu wengi wanaokuja dukani hawajui kabisa kwamba paka naye anaugua na anaambukiza. Ni kweli wagonjwa karibu wote duniani wanaambukizwa na mbwa, hilo halina ubishi, lakini paka aking'atwa na mbwa mwenye kichaa akapona kidonda anaweza kurudi nyumbani nao, na paka ndo analala na watoto kwenye mkeka. Na ugonjwa ule dalili zikishaanza kwa mtu hakuna dawa, mnazika. Sindano za kinga kwa aliyeng'atwa zipo ila ni ghali, na mtu wa kijijini Liwale au ndani ndani huko Nanyumbu anauza mbuzi kwanza ndo apate nauli ya kuzifuata. Nasema na hili kwa herufi kubwa kama ningeweza: ukikwaruzwa au kung'atwa na mnyama usiyemwelewa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, usipake mafuta ya taa wala majivu, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mikoa yetu hii ya kusini sio migeni kwenye jambo hili. Miaka ya 2010 tulikuwa kwenye mradi mkubwa wa kutokomeza kichaa cha mbwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za taasisi ya Bill na Melinda Gates, mbwa wakachanjwa kata kwa kata. Lengo linalojulikana ni mbwa 70 kwa kila 100 wawe wamechanjwa, ukifika hapo ugonjwa unakosa pa kupita. Wenzetu wa Pemba walichanja mpaka ukakatika, ukarudi toka nje ya kisiwa, wakachanja tena ukakatika tena. Kilichoushinda ni sindano ya chanjo kurudiwa bila kuchoka, hakuna ujanja mwingine. Na wala tusijitetee kwa umeme, ambao wote mnaujua ulivyo, kwa sababu utafiti uliofanyika hapahapa Tanzania ulionyesha kwamba chanjo mojawapo ya ugonjwa huu ilikaa kwenye joto la nyuzi 25 kwa miezi 6, au nyuzi 30 kwa miezi 3, na bado ikawakinga mbwa sawasawa na ile iliyotoka kwenye friji. Mimi ya kwangu naiweka kwenye friji kama kopo linavyoelekeza, ila maana yake kuipeleka mpaka kijiji cha mwisho kwa pikipiki kunawezekana.

Kwa hiyo hela ya kununua machipu na mashine na kulipa watu wa kuyaingiza kwenye kompyuta, naomba iende kwenye chanjo, na siku ya chanjo ikitangazwa itangazwe na paka. Mara nyingi gari la matangazo linapita linasema leteni mbwa, leteni mbwa, mwenye paka anakaa nyumbani. Bwana mifugo akiulizwa anasema hata paka tunachanja, lakini ungejuaje?

La pili ni kuhasi. Hapa ndo penye kero ya kweli ya paka Mtwara, sio kupotea kwao. Jike anaweza kubeba mimba hata hajafikisha mwaka, tena mapema sana, kuanzia miezi minne au mitano wengine wameshaanza, mimba yenyewe ni kama wiki tisa, anazaa wanne watano, na hajamaliza kuwanyonyesha madume yanalia tena juu ya bati usiku kucha. Kinachofuata wote tunakijua ila hatukisemi, mtu anawatia kwenye kiroba usiku anawamwaga sokoni au kule pembeni ya dampo, na asubuhi wauza mbogamboga ndo wanakuta vile vitoto vinalia kwenye mafungu ya mchicha. Chipu haizuii hata kimoja kuzaliwa. Daktari mmoja akipewa meza, dawa ya usingizi na siku moja kila mwezi kwenye ofisi za mifugo za halmashauri, kwa bei ambayo mama ntilie anaimudu, ndani ya miaka michache tofauti mtaiona kwa macho. Tena huko nje wanaohasi paka wa mitaani wana alama yao rahisi kuliko chipu, paka akiwa bado kwenye usingizi wanamkata kancha kadogo ka sikio la kushoto, basi, yeyote akimwona kwa mbali anajua huyu ameshafanyiwa, hasumbuliwi tena kukamatwa. Haihitaji mashine, wala kanzidata, wala laini ya mtu. Bosi wangu hapa sikio lake tayari limechanika lakini ni la kulia, kwa hiyo la kushoto bado lipo la daktari.

Sisemi sheria isije kabisa hata baadaye. Kama wizara inataka kuanza, ianze na hiari, iweke mashine moja ya kusomea kwenye ofisi ya mifugo ya kila mkoa, wenye paka wa kusafiri na wanaopenda waweke kwa hela yao, kanzidata iwe moja tu ya serikali na mtu aweze kubadilisha namba yake ya simu kwa simu ya kitochi bila kupanda gari. Siku nitakapoona paka ameokotwa Lindi mjini akasomwa akarudishwa Kilwa Masoko kwa mwenyewe, nitakuandikia tena Mhariri kuunga mkono.

Kwa sasa kwa wasomaji wa huku, kadi ya chanjo ya paka ipo na inatosha, itunzeni na vyeti vya watoto. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni siku ya kichaa cha mbwa duniani na sehemu nyingi huwa kunakuwa na chanjo, muulizeni bwana mifugo wa kata yenu mapema na mumuulize kwa kutaja paka. Na mkija msimbebe mikononi, akiona mbwa kwenye foleni atakupasua mkono na hutamwona mpaka kesho. Mtieni kwenye kapu lenye mfuniko au gunia la korosho lililosafishwa, mdomo ufungwe kwa kamba ila hewa ipite.

Wako,
Mwenye duka la pembejeo,
Chikongola, Mtwara.